Kurubuni mtoto mtandaoni ni nini?

Simama ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, usiku wa giza, usiku usio na mwezi, utazame Ziwa Tanganyika. Taa zimetapakaa mpaka mbali. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Mvuvi wa dagaa hamkimbizi samaki. Anawasha taa, anatulia, anangoja. Dagaa wanakuja wenyewe kwenye mwanga, wanazidi kuwa wengi, na wavu umeshatangulia kushushwa chini yao.

Nimeanza na dagaa kwa sababu wengi wetu hapa Kigoma tukisikia mtoto karubuniwa mtandaoni, tunawaza kitendo cha ghafla, kama kunyakuliwa njiani. Sivyo. Kurubuni ni kumvuta mtu kwa maneno matamu, zawadi au ahadi mpaka akubali jambo ambalo asingelikubali kama angelijua mwisho wake. Kumrubuni mtoto mtandaoni ni pale mtu anapojenga urafiki na mtoto kwa makusudi, kidogo kidogo, kupitia Facebook, Instagram, TikTok, WhatsApp au michezo ya simu, nia yake ikiwa kumtumia kingono au kumkamua fedha. Hapo kwenye "kidogo kidogo" ndipo penye hatari yote.

Tuseme binti wa miaka 14 anayekaa Mwanga, hapa mjini Kigoma, anatumia simu ya mama yake jioni, bando likiwepo. Ameweka video akicheza muziki. Mtu asiyemjua anampongeza. Kesho anampongeza tena. Siku ya tatu anamwandikia faragha: "Mwakeye, mdogo wangu. Kumbe na wewe ni wa kwetu? Mimi nyumbani Kasulu." Salamu ya Kiha, lugha ya huku kwetu, inamwondolea binti wasiwasi wote. Picha ya huyo "kaka" ni ya kijana mtanashati, nayo huenda imeibwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Anamuuliza habari za shule, anakumbuka siku ya mtihani wake, anamtumia vocha. Mama akimgombeza, kaka yuko tayari kusikiliza. Baada ya wiki kadhaa anasema, "Hawa wa nyumbani hawakuelewi kama ninavyokuelewa mimi." Sentensi hiyo ni ya kuogopwa kuliko tusi, kwa sababu inamtenga mtoto na watu ambao wangemwokoa. Kisha inakuja siri: "Futa meseji zetu, simu ni ya mama." Kisha picha. Ya kwanza ya uso tu. Ya pili, nguo zipunguzwe kidogo. Ya tatu mtoto hataki, lakini sasa anaambiwa kwamba ile ya pili itatumwa kwa mwalimu na kwa baba.

Kuanzia hapo urafiki umekwisha, umebaki utumwa. Na wavulana nao hawako salama. Wao mara nyingi hunaswa na mtu anayejifanya msichana, wakabadilishana picha usiku mmoja tu, na kabla hakujakucha wanadaiwa pesa kwa vitisho. Kwao kurubuni kunaweza kuchukua saa chache badala ya miezi, na aibu inawafunga mdomo zaidi.

Wavuvi wanajua kwamba mbalamwezi ikijaa taa haivuti sana, kwa kuwa mwanga uko kila mahali. Naona ni hivyo hivyo kwa watoto. Anayesifiwa nyumbani, anayeulizwa siku yake ilikwendaje, naye anaweza kurubuniwa, lakini sifa za mgeni hazimshangazi kiasi hicho. Ndiyo maana siwaamini sana wazazi wanaoniambia wamemaliza kazi kwa kumnyang'anya mtoto simu. Simu ya rafiki ipo. Simu ya dada ipo. Umri wa chini wa miaka 13 unaotakiwa na mitandao mingi nao mtoto huupita kwa kuandika mwaka mwingine wa kuzaliwa.

Sasa swali linaloniuma: kwa nini hasemi? Kwa sababu anajua atachapwa. Anajua swali la kwanza litakuwa "picha ulituma wewe mwenyewe au hukutuma?" Alituma, ndiyo, kama dagaa anavyokwenda kwenye taa mwenyewe. Kosa ni la aliyewasha taa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na ridhaa ya mtoto iliyopatikana kwa hila haimsafishi mtu mzima. Mzazi akilishika hilo, hata sauti yake siku ya kuambiwa itakuwa nyingine.

Siku hiyo ikifika, usifute kitu. Piga picha za skrini zenye jina la akaunti, namba, tarehe na vitisho, kisha ndipo umzuie mtu huyo. Picha yenyewe ya mtoto usiipige wala kuisambaza. Usilipe, maana anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha kutoka kwenye simu yako, na mitandao inayoshiriki, Facebook, Instagram na TikTok zikiwemo, hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Kwenye magrupu ya WhatsApp haifiki.

Huko kwenye magrupu kazi ni yetu sisi. Picha ya mtoto ikivuja, kuna anayeisambaza akiandika, "Jamani, mtoto wa nani huyu, wazazi waambiwe." Anadhani anasaidia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha picha za ngono za watoto, na maneno ya huruma uliyoyaandika juu yake hayaigeuzi ikawa kitu kingine. Kama unamjua mzazi, nenda kwake kwa miguu, au mpigie.