Dizeli huganda, haiwi barafu

Nimelisikia tena wiki hii: "Baridi imekuwa kali, dizeli yote imekuwa barafu kwenye tanki." Sivyo. Kuganda kwa dizeli ni nta iliyomo ndani yake kujitenga na kuwa chembe ngumu mafuta yanapopoa. Nta hiyo ni parafini, jamii ileile ya mishumaa. Si uchafu; ni sehemu ya dizeli na huungua vizuri tu.

Neno "barafu" tumelipata kwa Wajemi, ambao "barf" yao ni theluji, na barafu ni maji. "Kuganda" ni pana zaidi: damu huganda, uji huganda, nta ya mshumaa huganda, na hapo hakuna barafu hata chembe. Kwa hiyo aliyesema "imeganda" kasema sawa. Anayeongeza "imekuwa barafu" ndiye anayenikera, maana kosa lake haliishii mdomoni. Nimemwona mtu akimimina kwenye tanki la dizeli dawa ya rejeta ya kuzuia maji yasigande. Dawa ile haina kazi na nta, na inaweza kuharibu pampu.

Tia dizeli kwenye chupa ya kioo, iache nje usiku wa baridi kali. Kwanza hupoteza ung'avu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Bado inamiminika, lakini filta, yenye matundu membamba kuliko unywele, huenda ikaanza kuziba. Ndiyo maana gari huwaka asubuhi, likatembea kidogo, kisha likazima huku tanki limejaa. Baridi ikizidi ndipo mafuta huwa mazito kama jeli.

Hali hiyo huja lini? Inategemea dizeli. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 590, daraja F hupimwa kupita kwenye chujio hadi nyuzi -20, na daraja la 4 la aktiki, yaani la maeneo ya baridi ya kaskazini kabisa, hadi -44. Dizeli ya kiangazi haifiki huko. Dawa ya kuzuia nta nayo hutiwa kabla mafuta hayajafifia. Chembe zikishaumbika, haiziyeyushi.

Barafu yenyewe ipo, lakini ni ya maji yaliyotuama chini ya filta, na huanza kwenye nyuzi 0. Hiyo iite barafu. Ile nyingine, ukimpigia fundi, mwambie nta imeziba filta. Atakuja na filta mpya na namna ya kuyapasha mafuta joto bila moto wa wazi.