"Mla mboga" maana yake nini hasa?

Katika nyumba nyingi za Tanzania swali la jioni ni moja: leo mboga nini? Jibu linaweza kuwa mchicha, maharage, nyama ya ng'ombe au dagaa. Mboga ni chochote cha kulia ugali au wali. Ndiyo maana ukimwambia shangazi kwamba wewe ni mla mboga, atashangaa: kwani nani hali mboga? Na huenda akakupakulia samaki kwa moyo mweupe kabisa. Ni afadhali useme wazi, "Shikamoo shangazi, mimi sili nyama, kuku wala samaki," kisha umwambie kwamba maharage yake unayapenda.

Hiyo ndiyo maana inayokusudiwa siku hizi. Mla mboga hali nyama ya mnyama yeyote. Supu ya mifupa haimo, na dagaa ni samaki hata awe mdogo namna gani. Wengi wanaendelea na maziwa, wengine na mayai. Wanaoacha kila kitokacho kwa mnyama, samli na asali zikiwemo, huitwa vegani.

Wala si jambo geni kwetu. Familia nyingi za Kihindu na Kijaini za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zimekula hivyo vizazi na vizazi. Wasabato wengi hawali nyama kwa kufuata mafundisho ya afya ya kanisa lao, na Marasta wengi pia hawaigusi. Waorthodoksi wa Ethiopia, wakiwa kwenye mfungo, huacha nyama, maziwa na mayai, na hapo ndipo shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, unapotawala meza.

Lakini kuacha nyama ni nusu tu ya kazi. Hili nalisema kwa kusisitiza kwa sababu nimeona wengi wakikwama hapa. Mtu anaacha nyama, anabaki na ugali kwa kabichi mchana, chipsi usiku, asubuhi chai na chapati. Baada ya wiki chache hana nguvu, na lawama zinaiendea mboga. Kosa si la mboga. Ameondoa kitu sufuriani na hakuweka kingine mahali pake.

Kinachotakiwa kuwekwa ni jamii ya kunde: maharage, choroko, dengu, mbaazi, njugu mawe, soya, na kunde zenyewe. Mwili unahitaji amino asidi, yaani vijenzi vya protini, 9 ambazo hauwezi kuzitengeneza wenyewe, hivyo lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana upungufu wa mojawapo, iitwayo laisini. Maharage yanayo kwa wingi, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Pengo la huyu linazibwa na yule. Sasa tazama makande, chakula ambacho Wapare wanasifika nacho, na ambacho majirani zetu wa Kenya wanakiita githeri: mahindi na maharage ndani ya chungu kimoja. Wali kwa maharage ni hesabu ileile, na chapati kwa dengu vilevile. Zamani ilisisitizwa kwamba lazima viliwe kwa mkupuo mmoja, lakini sasa inafahamika kuwa inatosha kuvipata vyote ndani ya siku.

Huja lalamiko kwamba maharage kila siku yanachosha. Yanachosha yakichemshwa kwa chumvi tu. Pwani walishalitatua hilo kwa mbaazi za nazi. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji yale, zichemshe kwa maji mapya mpaka ukiibonyeza moja kwa vidole isagike bila ubishi. Tia tui jepesi, kitunguu, bizari ya manjano kidogo na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kuwasha. Tui zito liingie mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mkono usiache kukoroga, maana likichemka kwa nguvu litakatika. Mchuzi ukishaganda kwenye mwiko, epua. Mombasa wanazila asubuhi kwa mahamri. Mimi nazipenda zaidi zikilala, nikizila kesho yake kwa wali mweupe na kachumbari yenye ndimu nyingi.

Ubunifu ninaousema ndio huo, na hauhitaji duka la vyakula vya kigeni. Karanga za kusaga zinageuza kisamvu kuwa mlo wa kushibisha, mradi majani yametwangwa na kuchemshwa vizuri, kwa kuwa kisamvu kibichi kina sumu. Ukwaju unachangamsha dengu. Ufuta uliokaangwa ukinyunyizwa juu ya matembele unaleta ladha ambayo wageni huuliza imetoka wapi.

Madini ya chuma yanataka uangalifu, hasa kwa wanawake. Yamo kwenye maharage na majani ya kijani, ila mwili huyafyonza kwa shida kuliko yale ya nyama. Vitamini C inasaidia sana, kwa hiyo kamulia ndimu au kula chungwa, embe au pera pamoja na chakula. Chai inafanya kinyume chake. Ile desturi ya kunywa chai ya rangi papo hapo baada ya mlo ingoje kama saa moja. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vinaleta vitamini A, na hapo mafuta kidogo yanahitajika ili mwili uipokee.

Kinachobaki ni vitamini B12. Hii haipatikani kwenye mimea kwa kiwango cha kutegemewa, hata ule mchicha gunia zima. Anayekunywa maziwa na kula mayai anaweza kuipata humo akivila kila mara. Vegani anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa B12. Mwili huweka akiba yake kwenye ini, na akiba hiyo yaweza kudumu miaka, kwa hiyo upungufu huja polepole: uchovu, ganzi ya vidole na miguu, kusahausahau. Anayeanza leo asingoje dalili. Aulize kituo cha afya au duka la dawa mapema, na mama mjamzito au anayenyonyesha aulize wiki hii hii.