Je, wajua kwa nini mkojo wa sungura huwa mwekundu?

Unafungua banda asubuhi, unavuta trei ya chini, na pembeni unakuta kidimbwi chekundu, rangi ile ile ya maji yaliyochemshiwa bitiruti. Moyo unakupiga paa. Tulia kwanza, kwani mara nyingi hiyo si damu. Majani anayokula sungura yana rangi za asili, na baadhi yake hupita mwilini na kutokea kwenye mkojo. Ndiyo maana sungura mwenye afya njema huweza kukojoa njano leo, rangi ya chungwa kesho, nyekundu keshokutwa, kisha akarudia njano bila dawa yoyote.

Wakati mwingine mkojo huwa mzito na mweupe kama maji ya chokaa. Hayo nayo ni maumbile yake: kadiri anavyokula kalsiamu ndivyo anavyoifyonza, na ile ya ziada huitoa kupitia figo. Ikizidi, hasa kwa anayelishwa alfalfa nyingi (majani ya malisho yenye kalsiamu nyingi) na kunywa maji kidogo, hutuama kibofuni kama tope au hugeuka mawe, na mawe hukwaruza mpaka damu itoke.

Sasa, utaijuaje damu? Tandika kitambaa cheupe anapopenda kukojoa. Rangi ya majani huenea sawasawa, kuanzia katikati ya doa hadi ukingoni. Damu kwa kawaida huja kwa mabaka: mkojo wa njano, halafu matone mekundu au kibonge kilichoganda, pengine mwishoni mwa kukojoa. Daktari wa mifugo huthibitisha kwa kijiti cha kupimia mkojo au kwa hadubini.

Ikiwa ni damu, na sungura ni jike aliyepita miaka 3, usingoje hata wiki. Nimesikia wafugaji wakiambiana, "Ah, huyo yuko hedhini," na huniuma kila mara, kwa sababu sungura hana hedhi kabisa. Yai lake halina mwezi wala tarehe; hutoka baada ya kupandwa, kama saa 10 hivi baadaye. Damu hiyo ni ugonjwa, na mara nyingi chanzo chake ni saratani ya mfuko wa uzazi, uvimbe unaoongoza kwa sungura majike. Kwa baadhi ya aina, kama Dutch, Tan na Havana, zaidi ya nusu ya majike waliovuka miaka 4 wameonekana kuwa nao. Inatokea kwenye mkojo kwa kuwa njia ya mkojo ya jike hufungukia ndani ya uke, hivyo damu ya uzazi na mkojo hutoka pamoja.

Mfugaji wa sungura wa nyama anaweza kumaliza miaka mingi asiuone uvimbe huu. Wa kuchinjwa huondoka wakiwa na miezi michache tu, na mama wa uzazi hubadilishwa kabla hajazeeka. Unaowapata ni wale waliofugwa nyumbani hadi uzeeni, wenye majina yao. Kuzaa hakumkingi jike. Kinachohesabika zaidi ni umri. Kwa anayezaa, dalili huanza mapema kuliko damu: vitoto wanapungua, wanazaliwa wafu, au anapandwa na hashiki mimba. Matiti pia huweza kuvimba.

Uvimbe huu hauambukizi, kwa hiyo mwenzake wa bandani hana la kuogopa. Hukua taratibu, kisha husafiri na damu hadi kwenye mapafu na ini. Ndiyo sababu daktari makini hupiga kwanza eksirei ya kifua. Kama haujasambaa, kuondoa mfuko wa uzazi pamoja na ovari huweza kumponya kabisa. Na jike usiyemtaka azae, afadhali afanyiwe operesheni hiyo kabla hajafika miaka 2, angali kijana na mwili una nguvu.

Usiku wa kuamkia operesheni usimfungishe kama mbwa au paka. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa bila chakula huacha kufanya kazi, jambo linaloweza kumuua lenyewe. Mwachie nyasi zake hadi asubuhi, na ubebe fungu jingine la yale majani anayoyapenda, umsogezee puani akizinduka.