Holašovice: kijiji kilichokaa kwa mwenye mmoja miaka 556

Ukitaka kuijua historia ya kijiji cha Bohemia, eneo la magharibi la Czechia ya leo, usianze na vita wala wafalme. Uliza kwanza kodi ilikuwa inapelekwa kwa nani. Kazi yangu ni kusoma madaftari ya zamani ya ardhi, na nakiri vijiji vingi vya huko vinachosha: leo cha bwana huyu, kesho kimewekwa rehani, keshokutwa kimeuzwa kulipa deni la mwingine. Holašovice, kilomita kama 18 magharibi ya mji wa České Budějovice, hakina vurugu hizo.

Kinatajwa mara ya kwanza mwaka 1263. Mwaka 1292 Mfalme Václav wa Pili alikitoa kwa watawa Wasistersi wa Vyšší Brod, na hakikutoka mikononi mwao hadi 1848. Monasteri haifi, wala haina watoto wa kugombea mirathi.

Umiliki huo ulikuwa wa ngazi mbili. Bwana wa ardhi ni monasteri. Mkulima alikuwa na haki ya kukalia nyumba, kulima na kumwachia mwanawe, mradi alipe kodi na kufanya kazi ya lazima, robota. Amri ya 1680 iliiwekea robota ukomo wa siku tatu kwa wiki, jambo linalokupa picha ya hali ilivyokuwa kabla yake. Hata kuoa au kuhama kulihitaji ruhusa ya bwana, mpaka Kaizari Joseph wa Pili alipoufuta utwana mwaka 1781.

Kati ya 1520 na 1525 tauni ilikifyeka kijiji. Walibaki watu wawili tu. Ardhi isiyo na mkulima haina kodi, hivyo monasteri ikaleta walowezi kutoka Bavaria na Austria. Orodha ya mwaka 1530 ina majina 17, mengi yao ya Kijerumani. Wakazi walibadilika karibu wote na lugha nayo ikabadilika, ila mpangilio wa viwanja ukabaki ule ule. Karibu karne nne baadaye hali ilikuwa bado hiyo: hesabu ya 1895 ina Wajerumani 157 na Wacheki 19.

Wageni wengi wanaokwenda leo hudhani wanaona nyumba za zama za kati. Hapana. Cha zama za kati ni ramani: uwanja wa mstatili wa mita 210 kwa 70, na nyumba zimeuzunguka. Kikanisa cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk kilichomo uwanjani ni cha 1755. Sasa simama mbele ya nyumba mojawapo. Kuna kuta mbili zinazotazama uwanja, moja ya nyumba ya kuishi na nyingine ya ghala la nafaka, na kati yake lango la tao linaloingia uani. Huko juu, ukuta unapoziba paa, plasta imepindwa mawimbi na kutiwa mapambo na rangi, mara nyingi na mwaka wa ujenzi. Soma miaka hiyo: mingi ni ya nusu ya pili ya karne ya 19.

Kwangu hilo si bahati nasibu. Mwaka 1848 robota ilifutwa. Thamani ya haki za bwana iligawanywa mafungu matatu: moja likasamehewa, moja likalipwa na jimbo, moja akalipa mkulima mwenyewe kwa awamu. Kwa mara ya kwanza nyumba ikawa yake kweli, na fedha iliyokuwa ikienda monasterini akaimwaga kwenye ukuta ambao jirani ataupita kila siku.

Umiliki huo haukufika miaka mia. Baada ya vita, dikrii namba 12 ya rais wa Czechoslovakia, ya Juni 1945, ilitaifisha mashamba ya Wajerumani, na mwaka 1946 wakafukuzwa. Nyumba nyingi zikabaki tupu, zikaanza kuoza, lakini hakukuwa na mtu wa kuzibomoa ajenge za kisasa. Ukarabati ulianza 1990, na 1998 UNESCO ikakiandika kijiji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, nyumba 23 pamoja na viunga vyake.

Kiutawala, Holašovice si hata manispaa. Ni sehemu ya Jankov. Nyumba zina wenyewe, watu wanaishi humo na kulipa kodi kama kawaida, ila tangu 1995 kijiji ni eneo la hifadhi, na mwenye nyumba hawezi kugusa ule ukuta wa mbele bila kibali.