Kabla Hujakiamini Kitabu cha Njia za Hifadhini

Wageni wengi hufika kwenye lango la hifadhi ya taifa wakiwa na kitabu cha mwongozo mkononi, lakini walichokisoma ni ukurasa mmoja tu: ule wenye picha iliyowavutia. Ukiwauliza kitabu kilitoka mwaka gani, wanageuza jalada. Ukiwauliza njia waliyoichagua inapanda mita ngapi, wanaanza kusoma upya wakiwa wamesimama. Ndiyo maana katika mafunzo yetu kwa wageni tunaanza na maswali hayo mawili kabla hatujagusa viatu wala maji.

Kitabu cha njia ni ushahidi wa mtu mmoja. Alipita hapo siku fulani, katika msimu fulani, kwa miguu yake mwenyewe. Ukikisoma hivyo kitakufaa sana. Ukikichukua kama sheria isiyopitwa na wakati, kitakuponza.

Ukurasa ambao hausomwi

Dukani au maktabani, fungua kwanza ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu. Hapo utaona toleo na chapa, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Chapa mpya ni maneno yaleyale yaliyorudishwa mtamboni kwa sababu nakala zimekwisha. Toleo jipya maana yake kuna mtu aliyerudi kukagua, au angalau ndivyo inavyotarajiwa. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa "Toleo la kwanza 1998, chapa ya sita 2021" ni kitabu cha 1998, hata kama jalada linang'aa.

Je, uzee wa kitabu unadhuru nini hasa? Mlima hauhami, na maelezo ya umbo la nchi, kwa mfano bonde liko wapi na mteremko mkali unaanzia wapi, hudumu miaka mingi. Kinachochakaa upesi ni kazi ya binadamu na mambo ya maji. Daraja la magogo husombwa, njia huhamishwa ili kuzuia mmomonyoko, kambi hufungwa, chemchemi hukauka. Taratibu nazo hubadilika. Katika hifadhi ya Zion huko Utah, Marekani, njia maarufu ya Angels Landing ilikuwa wazi kwa kila mwenye kuthubutu. Tangu tarehe 1 Aprili 2022, kipande cha juu chenye minyororo hakipandwi bila kibali, na vibali hugawiwa kwa bahati nasibu. Kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kuwa kimeeleza kila kona ya njia ile bila kosa hata moja, na bado kikakufikisha mahali utakaporudishwa.

Basi gawanya imani yako. Kwa habari ya ardhi, sikiliza kitabu. Kwa habari ya vibali, madaraja, maji na njia zilizofungwa, uliza ofisi ya hifadhi siku chache kabla ya kwenda, kisha uulize tena langoni asubuhi unayoingia.

Ukishajua umri wake, soma maelezo ya njia moja mwanzo hadi mwisho ukiwa umesimama pale rafuni. Mwandishi mzuri husema na mabaya: hapa hakuna kivuli, kijito hiki hukauka kiangazi, ukungu ukishuka njia panda hii haionekani. Mwandishi ambaye kwake kila njia inapendeza na kila kilele kina mandhari ya kipekee, mrudishe alikotoka. Tazama na ramani zake. Ikiwa hazina skeli wala mistari ya kontua (ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa), ni michoro ya kukupa picha ya jumla tu, na utahitaji ramani kamili ya eneo hilo. Ya 1:50,000 (sentimita moja ni mita 500) hutosha kwenye njia iliyo wazi. Ya 1:25,000 ni bora pale penye njia nyingi zinazokatana. Uzito wa kitabu usikusumbue, kwani si lazima ukibebe chote.

Mstari mmoja, maswali manne

Juu ya kila maelezo huwa kuna mstari wa muhtasari. Chukua mfano huu: "Km 14, kupanda m 900, saa 5, wastani." Watu huupitia kwa sekunde mbili, na hapo ndipo penye habari nyingi kuliko kurasa tatu zinazofuata.

Kilomita 14 ni za kwenda tu, za kwenda na kurudi, au za mzunguko? Vitabu havifanani, na jibu huwa limefichwa kwenye utangulizi ambao hakuna anayeusoma.

Mita 900 ni tofauti kati ya mwanzo na kilele, au ni jumla ya kila kipande unachopanda? Njia inayoanzia mita 1,800 na kuishia mita 2,300 inaonekana kupanda 500. Lakini kama katikati inashuka mabonde mawili, kila moja la mita 150, miguu yako itapanda 800. Mapafu hayajui hesabu ya kutoa.

Saa 5 ni za nani? Hapa ipo kanuni ya zamani inayosaidia mpaka leo. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alipendekeza kukadiria saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuijaribu. Kilomita 14 ni saa mbili na dakika 48. Mita 900 ni saa moja na nusu. Jumla ni saa nne na dakika 18, kwa mtu mwenye nguvu, kwenye njia nzuri, asiyesimama kula, kupiga picha wala kutoa kokoto kiatuni. Kumbe zile saa 5 za kitabu zimebakiza dakika 42 tu kwa mapumziko yote ya siku. Kundi lenye watoto, au lenye mizigo ya kulala porini, lipange saa 7 au 8, na hilo si jambo la kuonea aibu.

Neno "wastani" ndilo gumu kuliko yote. Zipo nchi zenye vipimo vinavyojulikana. Uswisi, kwa mfano, wana madaraja kutoka T1, ambayo ni njia pana isiyohitaji uzoefu, hadi T6, ambayo ni miamba ya watu waliobobea. Nje ya mifumo kama hiyo, kila mwandishi ana mizani yake. Dawa ni kumpima yeye. Anza na njia fupi ya kitabu hichohicho, tembea mwendo wako wa kawaida, kisha linganisha saa zako na zake. Ukitumia saa tatu pale aliposema mbili, umeshajua: kila anachosema, ongeza nusu yake.

Angalia pia sehemu ngumu inaangukia wapi katika siku. Kwenye mlima unachoka ukipanda, kisha unarudi kwa kuteremka. Kwenye korongo mambo hupinduka. Katika Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani, njia ya Bright Angel hushuka mita 1,300 hivi kutoka ukingo wa kusini hadi Mto Colorado. Asubuhi unateremka kwenye baridi huku ukijiona shujaa, na unaanza kupanda mchana wakati joto limekolea chini kule. Wasimamizi wa hifadhi hiyo huwaonya wageni wasijaribu kufika mtoni na kurudi siku hiyohiyo, na huwashauri wahesabu muda wa kupanda kuwa mara mbili ya ule wa kushuka. Muhtasari wenye jumla ya saa peke yake hauwezi kukuonyesha hayo.

Kitabu njiani

Piga picha kurasa unazohitaji, lakini usitegemee simu peke yake. Baridi hula betri. Nakala ya karatasi ndani ya mfuko wa plastiki haizimiki.

Soma kwa vipande, kutoka njia panda moja hadi nyingine. Kabla hujaondoka kwenye njia panda, soma kinachofuata na uandike kwa penseli saa uliyofika. Jihadhari na kushoto na kulia. Ukiifuata njia kinyume na mwandishi, kila kushoto kwake ni kulia kwako. Na anapotaja ukingo wa kushoto wa mto, mara nyingi anamaanisha kushoto kwa mtu anayetazama maji yanakoelekea, hata kama wewe unapanda kuelekea chanzo. Watu wamevuka mito bure kwa sababu ya jambo hilo.

Kitabu kikikuahidi daraja, kisha mwamba, kisha kibao, na hujaona hata kimoja, usijitungie maelezo kwamba labda vimeondolewa. Kimoja kinaweza kuondolewa. Vitatu kwa pamoja, umepotea njia. Rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika.

Kisha amua mapema saa ya kugeuka, na uiandike juu ya nakala yako. Kama giza huingia saa 12 jioni na kurudi kunahitaji saa tatu, saa 8 mchana geuka popote ulipo, ubaki na saa moja ya akiba. Nakala ya pili ya ukurasa huo, yenye jina la njia, saa ya kugeuka na saa ambayo ofisi ya hifadhi ipigiwe simu usipoonekana, mwachie mtu anayebaki nyumbani.