Figo na chumvi: kazi kubwa ni kurudisha, si kutoa

Ukiuliza figo hufanya nini na chumvi, wengi hujibu haraka: huitoa kwenye mkojo. Si kosa, ila jibu hilo limeanzia mwishoni.

Kwa siku moja figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu. Sodiamu iliyomo humo, ukiipima kama chumvi ya kawaida, hukaribia kilo moja na nusu. Mwili mzima hauna chumvi kiasi hicho. Ni damu ile ile inayopita kwenye chujio tena na tena. Figo ingeiachia yote iende, mtu asingemaliza siku. Kwa hiyo zaidi ya asilimia 99 hurudishwa: karibu theluthi mbili mwanzoni mwa mrija wa nefroni (kitengo kidogo cha kuchujia ndani ya figo), robo hivi katika pindo lake refu. Asilimia chache zinazobaki ndizo zinazoamuliwa kwa makini mwishoni mwa mrija.

Zinaamuliwaje? Mwili hauhesabu chembe za chumvi. Unachopima zaidi ni jinsi mishipa ilivyojaa, kwa kuwa maji huifuata chumvi popote: kila gramu 9 zinazobaki mwilini hushikilia lita moja hivi ya maji.

Damu ikipungua, seli zilizo kwenye mshipa mdogo unaoingia katika chujio huachia renini, kimeng'enya ambacho watafiti Robert Tigerstedt na Per Bergman walikieleza mwaka 1898. Renini huanzisha utengenezaji wa homoni iitwayo angiotensini, nayo huziamsha tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe homoni nyingine, aldosteroni. Aldosteroni huziagiza seli za mwisho wa mrija ziongeze milango ya kupitishia sodiamu. Milango hiyo haiongezeki papo hapo. Huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana ukibadilisha ghafla kiasi cha chumvi unachokula, figo huhitaji siku chache kuzoea, na uzito hupanda au kushuka kidogo katika kipindi hicho.

Damu ikizidi, moyo wenyewe huingilia kati kwa homoni yake. Mwaka 1981 mtafiti Adolfo de Bold na wenzake, nchini Kanada, waliwadunga panya dondoo ya vyumba vya juu vya moyo, na panya wakakojoa sodiamu kwa wingi. Nani angedhani moyo nao ni tezi?

Shinikizo la damu nalo husukuma chumvi itoke. Figo iliyodhoofika huhitaji shinikizo kubwa zaidi ili kutoa chumvi ile ile, na hapo ugonjwa huanza kujilisha wenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kidogo cha chai hivi. Vidonge vya kuongeza mkojo, ambavyo wagonjwa wengi wa shinikizo hupewa, kwa kawaida havigusi maji moja kwa moja: huziba milango ya kurudishia sodiamu, na maji hutoka nayo.