Je, wajua? Roboti hugawanaje kazi pasipo mkubwa wa kuzipangia?

Asubuhi pale soko la Darajani, Unguja, jodari amelazwa chini, dalali anapaza sauti, na wanunuzi wanapandisha dau mpaka anabaki mmoja. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua samaki huyu awe wa nani. Kila mnunuzi anaujua mfuko wake, wateja wake na umbali wa genge lake, na yote hayo anayabana ndani ya namba moja anayoitamka. Roboti zinazofanya kazi kwa kundi zinategemea ujanja huohuo.

Tuseme mvua kubwa imepita Pemba, na droni tatu, yaani roboti zinazoruka bila rubani, zinatakiwa kwenda kuangalia hali ya barabara na mashamba. Moja iko Wete, moja Chake Chake, moja Mkoani. Pa kwenda ni Konde, Kojani, Ziwani na Mtambile. Nani aende wapi?

Kompyuta moja ingeweza kuamua kwa niaba ya zote. Tangu mwaka 1955 mwanahisabati Harold Kuhn alikwishachapisha njia ya kumpa kila mfanyakazi kazi moja kwa gharama ndogo kabisa. Wengi husema kompyuta hiyo ingelemewa na hesabu, na kweli hulemewa pale kila droni inapobeba kazi kadhaa na mpangilio wa safari nao ukahesabiwa. Lakini mimi naona tatizo kubwa si hesabu, ni kutegemea mlango mmoja. Aliyekuwapo Unguja mwezi Desemba 2009 hahitaji kuelezwa: laini ya umeme itokayo Bara ilikatika, na kisiwa kizima kikakaa kama miezi mitatu kikingoja. Kundi la roboti linaloamriwa na kituo kimoja nalo hubaki hivyo kituo kikizimika.

Mwaka 1980 mtafiti wa kompyuta Reid Smith alieleza utaratibu mwingine, kwa kompyuta zinazosaidiana kazi. Ukiuleta kwa roboti, yenye kazi inaitangaza, nyingine zinataja dau, mshindi anakabidhiwa. Hapa dau la chini ndilo linaloshinda, maana droni inataja itakula chaji kiasi gani. Na udalali hauna mwenyewe: anayeikuta kazi ndiye anayeinadi. Ni mnada wa samaki ambao kila mvuvi anajinadia, basi.

Shida inaanza pale sauti isipofika. Droni ya Wete na ya Mkoani hazisikilizani. Ya Chake Chake iko katikati, inazisikia zote mbili. Mwaka 2009 watafiti Han-Lim Choi, Luc Brunet na Jonathan How walitoa njia inayomwondoa dalali kabisa. Kila droni inabeba daftari lake: kila kazi, dau bora lililosikika mpaka sasa, na nani kalitoa. Ikiweza kuzungumza na jirani, wanalinganisha madaftari. Mkoani ilikuwa imejiandikia Kojani. Kupitia Chake Chake inasikia kwamba Wete ina dau bora zaidi, inajifuta. Daftari pia linaandika habari ni ya saa ngapi, kwa sababu ile iliyozunguka sana inaweza kumfikia mtu baada ya mpya yake, kama barazani anapokuja mtu na habari ya jana akidhani ndiye wa kwanza.

Sehemu ninayoipenda ni hii. Chake Chake nayo ilikuwa imechukua Kojani, kisha ikaongeza Konde ikijua itakuwa tayari iko kaskazini. Sasa Kojani imechukuliwa na Wete. Je, ibaki na Konde? La. Dau la Konde lilipigiwa hesabu ya kuanzia Kojani. Safari ikianza Chake Chake hesabu hiyo ni ya uongo. Kwa hiyo inaachia kazi iliyopoteza pamoja na kila iliyoongezwa baada yake, halafu inaanza kutaja upya. Usipoiweka kanuni hiyo, madaftari yatajaa bei ambazo hakuna anayeweza kuzitimiza.

Unalipa nini kwa kukosa mkubwa? Unalipa ubora kidogo. Iwapo zote zina taarifa sawa za hali ya mambo, na iwapo kuongeza kazi moja hakuipandishi thamani nyingine, njia hii inahakikisha matokeo hayashuki chini ya nusu ya mpango ulio bora kabisa. Nusu inasikika kidogo, ila hiyo ni sakafu. Kwa kawaida kundi hupata zaidi ya hapo.

Droni si ngeni kwetu. Mradi wa kuipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani ulianza mwaka 2016, na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Ila safari zile zilipangwa na watu, si droni zenyewe.

Na ikiwa mshindi atakwama njiani? Mtafiti wa roboti Lynne Parker alilishughulikia hilo mwaka 1998 kwa kuzipa roboti kitu alichokiita kukosa subira. Roboti inayoona kazi ya mwenzake haisogei huzidi kukosa subira kadiri muda unavyokwenda, mpaka inaingia yenyewe. Upande wa pili, iliyokwama nayo hukata tamaa polepole na kuiachia kazi. Droni ya Wete ikitumbukia baharini kabla ya kufika Kojani, hakuna haja ya simu wala tanzia. Chake Chake itangoja, itangoja, kisha itaondoka.